Jiko la Gesi Lililokaa Sebuleni

Mie asubuhi zangu zilikuwa zinaanza na kikohozi cha mama. Si adhana, si jogoo wa jirani. Adhana ilikuwa inanikuta nimeshafumbua macho, nimelala chali, nasikiliza. Mama anatoka uani, anakoka mkaa kwa makumbi ya nazi, moshi unajaa kwenye kile kibanda chetu cha kupikia chenye paa la bati lililoinama, halafu anaanza. Kinapanda, kinakatika, kinapumzika, kisha kinarudi kwa nguvu kama mtu aliyesahau kitu ndani. Na mie kitandani nabana pumzi mpaka amalize. Kikikawia kukatika nilikuwa nahisi kifua kinachochanika ni changu.

Tulikuwa tunakaa Temeke, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Mie nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nafanya kazi ya ukarani bandarini. Kaka yangu mkubwa alikuwa Sinza na familia yake. Kwa hiyo mle ndani tulikuwa wawili tu, mama na mie, na kikohozi wa tatu.

Nilimpeleka zahanati. Daktari akamsikiliza mgongoni, akamsikiliza kifuani, kisha akaniita pembeni. Akasema kifua cha mama kimechoshwa na moshi. Dawa atampa, lakini dawa kubwa ni kuachana na mkaa, na asipoachana nao, masika yakija kifua kikabana, mtu asije akashangaa. Alisema hivyo hivyo, huku anatafuta kifuniko cha kalamu yake. Nilitamani nimnyang'anye ile kalamu.

Nje mama akaniuliza, "Kasema nini?"

"Kasema uache mkaa."

"Basi samaki nitamchoma kwa mate," akasema, akajifunga khanga vizuri, akatangulia.

Na hapo ndipo penye shughuli. Mama alikuwa mtu wa Pwani hasa, na kwake samaki si samaki mpaka apite motoni kwanza. Awe changu, awe kolekole, hata vibua: anamkausha juu ya wavu, ndipo ampake tui zito la nazi lenye ukwaju, amgeuze, ampake tena. Ukimpikia samaki wa kuchemsha atakushukuru kwa adabu zote, kisha atakula wali mkavu. Nilijaribu jiko la mchina, lile la tambi na mafuta ya taa. Samaki akanuka taa, mama akaonja kidogo, akasogeza sahani, akasema, "Huyu kavuliwa kwenye kibatari." Kesho yake akarudi kwenye mkaa wake, na mie nikarudi kwenye kubana pumzi.

Nikajua kinachotakiwa ni jiko la gesi la kuchomea, lenye wavu na mfuniko, kitu ambacho moto wake hauna moshi wala harufu. Tena liwe imara. Hewa ya Dar ina chumvi, inakula bati mpaka unalisikia, na mie sikutaka kununua kitu kitakachooza kabla mama hajakizoea, maana akipata sababu moja tu ya kurudi kwenye mkaa, ndiyo basi.

Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa. Sie tuliokulia kwenye foleni za sukari na sabuni, tulioweka jiwe kwenye mstari lishike nafasi wakati tunakwenda kunywa uji, ghafla tukaiona Kariakoo imefurika mpaka barabarani. Feni, redio, majagi ya rangi zote, pasi za umeme kwa watu wasio na umeme. Mama alikuwa anapita katikati ya vile vitu amekunja uso, kama amekuta watu wanacheza ngoma msibani. Hakuviamini. Yeye sebuleni kwetu alikuwa na kabati la vioo, ufunguo wake kaufunga kwenye pindo la khanga, na mle mna vikombe vyenye mstari wa dhahabu alivyovipata kwa kupanga foleni toka alfajiri, mie bado mdogo. Sijawahi kuvinywea chai. Hata angekuja waziri, wallahi, angenywea kikombe cha bati kama sisi.

Basi kila Jumamosi nikawa natoka. Siwezi kukaa, ndivyo nilivyo mie. Kitu kikiniingia kichwani miguu inawasha. Naingia duka hili, natoka, naingia lile. Nikiona jiko naliinua kwanza nijue uzito. Nalitikisa nisikie kama kuna kinachocheza ndani. Naugonga mfuniko kwa vifundo vya vidole. Nachungulia chini, kule wanakodhani mteja hachungulii, maana juu wote wanapaka rangi.

"Dada," kijana mmoja wa dukani akaniambia, "unanunua jiko au unanunua nazi?"

"Nazi mbovu nimeshaigonga," nikamwambia, nikatoka.

Nilifika mpaka Manzese kwa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeniapia atanitengenezea jiko la gesi kwa pipa la lami. Akanionyesha bomba alilotaka kupitishia gesi. Lilikuwa bomba la baiskeli, ile fremu. Nikaona huyu ataniulia mama haraka kuliko moshi, nikamuaga.

Kaka yangu naye akajitia kunisaidia. Akanichukua hadi duka moja akanionyesha jiko lenye kioo mbele, vifungo vinavyowaka taa, linang'aa ukilitazama unajiona meno. Nikaliinua kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Nikabonyeza ubavuni, bati likaingia ndani, likarudi kwa mlio.

"Hili la kuwekea karanga," nikamwambia.

"Wewe unataka mtambo wa kusaga," akasema kaka. "Mama anataka kitu kizuri."

"Mama anataka kuvuma—" nikaanza, nikakosea, mdomo ulikuwa unanikimbia. "Mama anataka kupumua! Wewe vinavyong'aa ndivyo vinavyokuponza, gari lako linalala kwa fundi kuliko kwako."

Akacheka, maana ni kweli, lakini hakunipeleka tena.

Nililipata hatimaye kwenye duka la ndani kabisa, kwenye kichochoro, la mzee mmoja wa kofia ya mkono, mpole, asiye na papara. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniacha nigonge nitakavyo. Lilikuwa zito, la miguu minne, chuma cheusi kinene mpaka ndani, wavu wake si waya bali nondo hasa, na mfuniko mwekundu uliokoza. Nikalitikisa: kimya. Nikachungulia chini: chuma kile kile. Kwa mara ya kwanza baada ya Jumamosi nyingi miguu ikatulia. Mzee akaufunga mfuniko, ukatoa sauti nzito, dhu.

"Mwanangu," akasema, "hili utakufa, utaliacha."

Maneno yale yaliniingia. Nikayabeba pamoja na jiko na mtungi wake nyuma ya pikapu mpaka Temeke, nayatafuna njia nzima. Majirani walipotoka kuja kuona, mie nikiwa juu ya pikapu nimeshika mfuniko usigonge, nikapaza sauti: "Mama! Hili tutakufa, tutaliacha!"

Mama akalizunguka. Akalifuta vumbi kwa ncha ya khanga. Akaufunua mfuniko, akaufunga, akaisikiliza ile sauti, kisha akasema polepole, "Tutakufa, tutaliacha." Nikaona macho yake yamelainika. Nikasema alhamdulillahi, nimeshinda. Nilimwonyesha jinsi ya kufungua mtungi, jinsi ya kuwasha kibiriti kwanza ndipo afungue gesi, akaitikia kwa kichwa kila jambo kama mwanafunzi mzuri. Usiku ule nililala kama mfu.

Asubuhi nikaamshwa na kikohozi. Nikasema sawa, hajazoea, leo atalijaribu. Jioni nimerudi kutoka kazini nimebeba ukwaju, naingia sebuleni nasimama. Jiko langu liko pale, kando ya kabati la vikombe. Limevishwa vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vyenye ncha za maua, kimoja juu ya mfuniko, viwili ubavuni. Juu yake chombo cha maua ya plastiki. Na mtungi wa gesi umefungiwa kitambaa chake peke yake na utepe shingoni, unatazama chini kama bibi harusi.

"Mama, hii nini?"

"Limependeza, ee?"

Nikauweka ukwaju chini. Na yeye uani mkaa unawaka, kibanda kinafuka.

Ikawa hivyo. Kila siku ana sababu. Leo kuna upepo. Leo samaki ni wadogo, hawastahili. Gesi ikiisha tutaipata wapi, mjini kote huko? Majirani wamesema vitu hivi vinalipuka. Nikamwambia tulitoe basi nilitumie mie, akasema wewe mikono yako mizito. Wageni wakija anawafunulia kitambaa nusu, wanasema mashallah, anafunika. Halafu anatoka uani kuwachomea samaki kwa mkaa, anarudi na sinia macho mekundu, anakohoa ukutani ili wasisikie. Mie nimekaa nao sebuleni, mbele yangu jiko zima la gesi lina maua ya plastiki kichwani. Jamani! Kuna siku nilitoka nikaenda kusimama barabarani tu, sina ninakokwenda, nisije nikamvunjia mtu heshima.

Kaka alipokuja akalitazama, akanikata jicho. "Mtambo umepata kazi," akasema. Nilimtupia kiatu.

Masika yakaingia. Mkaa ukawa mbichi, makumbi mabichi, moshi haupandi, unatambaa chini ya lile bati kama unamtafuta mama. Kikohozi kikaacha kuwa cha alfajiri tu. Usiku nikawa nahesabu kimya katikati ya kikohozi na kikohozi, na mchana kazini nikisikia mtu yeyote anakohoa napoteza mstari niliokuwa nauandika. Maneno ya yule daktari wa kalamu yalikuwa hayaniachi.

Jumapili moja mchana nilikuwa nafua, mvua imekatika kidogo. Nikasikia kikohozi kibandani, kisha nikasikia hakipo, kisha nikasikia harufu ya samaki anayeungua. Mama haunguzi samaki. Niliacha ndoo nikakimbia. Nilimkuta amechuchumaa, mkono mmoja ukutani, mdomo wazi, na hakuna kinachoingia. Ananitazama tu. Macho yale sitaki kuyaeleza. Nikambeba, mama yangu mzima, akawa mwepesi kama mtoto, nikamkalisha sebuleni dirishani, nikamvuta mabega nyuma, nikawa namwambia pumua, mama, pumua, taratibu, pumua. Mpaka pumzi ikaja. Ikaja kwa mlio mwembamba, kisha ikaja tena.

Alipotulia akaegemeza mkono wake kwenye kitu kilichokuwa karibu. Kilikuwa jiko.

Hapo akili yangu ikaruka. "Mama! Unataka kufa mbele ya jiko? Nimezunguka mji mzima, nimegonga mabati mpaka vidole vimevimba, kwa ajili ya nini? Uliweke maua? Unaogopa nini? Niambie unaogopa nini!"

"Siogopi kitu," akasema. Sauti haikuwepo, pumzi tupu.

"Basi kwa nini?"

Akavuta kitambaa kilichopinda kwenye mfuniko, akakinyoosha. "Si wewe uliyesema? Tutakufa, tutaliacha. Basi mie nalitunza nikuachie."

"Uniachie?"

"Mie nina nini kingine? Dhahabu sina. Nyumba ni yenu wawili. Wewe ulirudi kutoka kwa yule mwanaume mikono mitupu, hata kijiko. Vyombo vyote nilivyokutoa navyo siku ya harusi, vimebaki kule kwao. Kesho utapata mtu mwingine, utakwenda. Uende na kitu kizima, hakijaguswa. Watu waone nawe umetoka kwa mama." Akapumzika kuvuta pumzi. "Vikombe vile pia ni vyako."

Nikatazama kabati. Nikatazama jiko. Miaka yote nilidhani mama hanywei vikombe vile kwa uchoyo wa foleni. Mie uchungu ukinishika hauanzi kama machozi, unaanza kama ugomvi. Nikayatupa yale maua ya plastiki kwenye kochi. Nikavua vitambaa, kimoja, kingine. Nikalikamata jiko miguu yake nikaliburuta, linakwaruza sakafu, mama nyuma anasema, "Wewe! Wewe! Mvua!" Nikalitoa mpaka baraza ya uani, nikarudi kuchukua mtungi, nikachana utepe kwa meno.

Nikawasha. Moto wa buluu, mdogo, hauna hata harufu. Nikaenda kibandani nikachukua samaki waliosalia, nikawatandaza juu ya nondo, nikawapaka tui kwa papara mpaka likamwagika kila upande, likaungulia kwenye chuma kipya, likaweka madoa ya kahawia. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwimo, mkono mdomoni. Nikaona bado hajaelewa. Nikaung'oa ule mfuniko mwekundu, nikaunyanyua usawa wa kifua, nikauachia kwenye sakafu ya sementi.

Haukuteleza. Niliuachia. Na ukiniuliza leo, nitauachia tena.

"Mama wee!" akapiga yowe, jirani akachungulia ukutani.

Rangi ilibanduka pembeni, kipande cha ukubwa wa jani la mwarobaini, chuma cheusi kikatokeza. Mfuniko wenyewe haukupinda hata kidogo. Yule mzee alikuwa hajasema uongo. Mama akaja, akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya lile jeraha, akakipitisha tena.

"Umeliharibu," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa utakwenda nalo wapi hili?"

"Siendi nalo popote. Mie sitaki jiko la kuachiwa, mama. Nakutaka wewe."

Aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake, na samaki wale niliwala peke yangu, tui limeungua upande mmoja na bichi upande wa pili, machozi yananichuruzika kwenye sahani. Akaninunia. Salamu anaitikia, chakula ananipakulia, lakini neno la ziada hakuna. Na jiko likabaki barazani, hakulirudisha sebuleni, wala hakuligusa.

Siku moja isiyo na jina, natoka kazini nakaribia nyumba, nikasikia harufu ya kolekole na nazi. Nikafuata ukuta. Mama alikuwa barazani, kakaa kwenye kigoda chake, mwiko wa kupakia tui mkononi, anamlaumu samaki.

"Moto wenyewe hauna haraka," akaniambia bila kugeuka. "Na hizi nondo zinashika tui, ungechukua lenye wavu mwembamba."

"Nitalirudisha dukani."

"Utalirudishaje na jeraha lile? Limeshaharibika." Akamgeuza samaki. "Sasa nilitunzie nini?"

Ndivyo lilivyoanza kutumika. Lilichoma samaki, likachoma mihogo, likachoma mahindi ya watoto wa kaka, na kila mgeni aliyekuja mama alimwonyesha lile jeraha kabla hajamwonyesha jiko: "Huyu binti yangu huyu, mwone alivyolifanya." Kibanda cha mkaa tukaweka kuku. Masika yakaisha, na sikuona lini hasa mambo yalibadilika, maana mtu haoni kitu kinachopungua.

Niliona siku moja tu. Niliamka nikakuta dirisha linapambazuka, adhana imeshapita, na nyumba iko kimya. Nikalala chali, nikasikiliza. Kimya. Nikabana pumzi kama nilivyozoea, nikangoja, na hakuna kilichokuja. Sikuvaa hata kandambili. Nilipita sebuleni nikajigonga kwenye kabati, vikombe vikalia, nikafungua mlango wa uani kwa mikono miwili, nikaita, "Mama!"

Alikuwa pale barazani, khanga kichwani, anapanga vipande vya mihogo juu ya nondo. Akageuka taratibu. Akanitazama miguu mitupu, nywele zimesimama, nimeng'ang'ania mlango, siwezi hata kumwambia kuwa miaka yote ile ni kikohozi chake kilichokuwa kikiniambia yupo.

Akanielewa. Mama alikuwaga haambiwi. Akaweka mkono juu ya mfuniko, pale palipobanduka rangi.

"Ulidhani nimeshaliacha?" akasema, akacheka, cheko refu, mpaka mwisho wake, na halikukatika.